Togwa ya Mzee wa Kanisa

Uliimba. Usikatae. Ulikaa upande wa dirisha, umevaa lile shati la mitumba lenye kola ngumu, na Raheli aliposimama wakati wa shuhuda akaanza kueleza habari za shamba lake, wewe ulikuwa wa kwanza kukagua kucha zako. Mtu mmoja mbele akaanzisha pambio, kama ifanyikavyo siku zote maneno ya mtu yanapokaribia kugusa mfuko wa mwingine, na wewe ukadakia. Makofi ulipiga. Uliimba mpaka mama wa watu akakaa na sentensi yake mdomoni, kama aliyeondolewa sahani angali anatafuna. Baada ya ibada ulimpa mkono ukamwambia, "Bwana asifiwe, dada, tutakuombea," halafu ukakumbuka ghafla kwamba una mbuzi wa kufunga.

Basi leo hakuna pambio. Kaa usikie ulichokifunika kwa makofi.

Raheli, mke wa Yotham, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Tabu, alikuwa mpishi wa pombe. Si muuza pombe. Wauzaji wamejaa mpaka mabwawani. Mpishi. Upande huu wote wa Hombolo, mtu akisema "ya Raheli," hakuna aliyeuliza ya nini. Yuko bwana mmoja alitoka Haneti kwa baiskeli kuja kuionja, akarudi kwao kwa miguu, na mpaka leo baiskeli anadai iliibwa, ingawa iliegemea ukuta wa Yotham msimu mzima ikimsubiri.

Na wageni wa mjini hawaelewi jambo moja. Huku pombe si ulevi peke yake. Pombe ndiyo trekta. Lile trekta lenyewe, la siku za kupakiwa kwenye malori na kuambiwa tuishi pamoja, lilikufa zamani, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ukitaka shamba lako lipaliliwe, unapika. Ukipika, unatuma neno. Alfajiri majirani wanakuja na majembe, wanajipanga mstari, wanalima kwa nyimbo na matusi ya utani, jua likipanda wanaonjeshwa, likishuka wanakunywa, na jioni wanabebana. Kesho yake ni zamu ya mwingine. Hivyo ndivyo mjane alivyopata uwele, na mgonjwa, na mvivu pia, Mungu amsamehe.

Kisha kiangazi kile akaja Mwinjilisti Daudi na kipaza sauti. Siku za ruksa kila kitu kinakuja na betri, hata wokovu. Alifungua Darasa la Uanafunzi chini ya bati la kanisa, akafundisha habari za wale wafuasi wa mwanzo kabisa: wavuvi walioacha nyavu zikining'inia, mtoza ushuru aliyeacha meza na sarafu zikiwa juu yake, watu wenye mashamba waliouza wakaja kuweka fedha miguuni mwa mitume, na jinsi ambavyo hakuna hata mmoja aliyeita kitu chake kuwa chake. Akafundisha pia kwamba waliliwa na simba. Raheli alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Hakuwahi kusikia dini inayoshika mtu hivi. Aliyoijua ilikuwa ya kuvaa vizuri Jumapili.

"Uanafunzi una gharama," alisema Mwinjilisti. "Jumapili ijayo kila mtu alete wavu wake auache hapa."

Walileta. Kijana mmoja alileta karata. Bibi mmoja alileta ugoro, akaulaza chini kwa upole kama anayelaza mjukuu, na jioni akaonekana akipitapita pale pale akitafuta sindano. Mzee Yoramu, mzee wa kanisa, alileta kiko chake, ambacho hakukivuta tangu daktari alipomkataza enzi za foleni za sukari. Grosari yake iliyoko mjini, mtaa wa Kikuyu, yenye friji ambamo bia za chupa hutoka jasho kama wakulima, hakuileta. Labda haikupita mlangoni.

Raheli alileta mitungi. Mkubwa alirithi kwa mama yake, naye mama yake kwa bibi. Aliubeba kichwani njia nzima, akaushusha mbele ya ngazi, akaupiga kwa mchi. Vigelegele vikapaa. Mwinjilisti alifuta machozi kweli kweli. Mzee Yoramu alisema "Amina" kwa sauti kuliko wote, maana pombe ya mtungi ikizikwa, ya chupa inafufuka.

Kosa la Raheli ni kwamba aliamini wote wamefika pale kwa jambo lile lile. Na kosa la pili, la mtu wa huku tu: alivunja mitungi wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, bila kukumbuka palizi. Alidhani ameacha pombe. Hakujua ameacha na majirani.

Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa mkupuo. Udongo wa dari la tembe ukalowa, ukawa mzito, na Yotham akapanda juu kuziba panapovuja. Boriti ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Yotham alishukia jikoni bila kupita mlangoni, akakaa juu ya mafiga, mguu ukiwa umevunjika juu ya goti. Hospitali ya mjini waliambiwa zile siku za kutibiwa bure zimekwisha, sasa ni kuchangia. Walichangia ndama. Yotham alirudishwa na plasta mpaka pajani, akawekwa kwenye kigoda chini ya ukingo wa dari, akiutazama mguu wake mweupe.

"Nusu yangu imekwenda Ulaya," alimwambia mkewe. "Salamu zikija nitakupa."

Mbele yake lilikuwa shamba. Uwele ulifika magotini. Magugu yalifika kiunoni, nayo hayakuwa na haraka, kama watu waliokwisha kupewa hati.

"Mama Tabu."

"Abee."

"Yale magugu yameanza kututazama madirishani."

"Nayaona, Baba Tabu."

"Usiyaone. Yapikie."

"Nimeacha."

"Najua umeacha. Nilikuwepo. Ule mtungi niliulilia kuliko nilivyomlilia baba mkubwa." Yotham mwenyewe hakuwa ameokoka, alikuwa akisema anangoja foleni ipungue. "Nikuulize kitu. Wale wavuvi walipoacha nyavu, wake zao walisemaje?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu yalikuwa matusi."

Raheli alicheka bila kutaka, akafunika mdomo kwa kanga. Alilima tangu alfajiri peke yake na alichopalilia ni kipande ambacho jogoo angeweza kukivuka kwa kuruka.

"Wapendwa watakuja," alisema. "Darasani tuliambiwa wale wa kwanza walikuwa na vyote pamoja. Nitawaambia tu."

"Waambie. Ila uwaambie haraka. Tukikosa palizi hii, mwaka huu tutakula mashairi ya nyimbo."

Kwanza alijaribu wale wa zamani. Alimkuta Mzee Ndahani, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiongoza mstari wa majembe, amekaa kwenye gogo akinoa panga lisilo na kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa. Nyumbani hawajambo? Mguu haujambo?"

"Haujambo. Baba, nina palizi."

"Nimeiona. Hata mjini wameiona. Kuna nini?"

"Kuna uji."

Mzee Ndahani alilipitisha panga juu ya jiwe taratibu, akalijaribu kwa kidole gumba.

"Mwanangu, uji ni wa wagonjwa. Mimi bado mzima."

Ndiyo maana Jumapili ile alisimama. Maneno alikuwa ameyapanga njiani: hatadai, hatalaumu, ataomba tu mkono, asubuhi moja, kwa jina la wale waliokula pamoja nyumba kwa nyumba. Alifika kwenye neno "jembe," mkaanza kuimba.

Baada ya ibada Mwinjilisti Daudi alimshika bega.

"Dada Raheli, huo sasa ndio msalaba wako."

"Naubeba, Mwinjilisti. Nauliza tu, nikiwa nimeubeba, nani anapalilia?"

Mwinjilisti aliuondoa mkono begani. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alilala kwenye chumba cha uani kwa Mzee Yoramu, alikula nyama ya Mzee Yoramu, na betri ya kipaza sauti ilichajiwa mjini, nyuma ya friji ya Mzee Yoramu. Mtu akikaa hivyo muda mrefu, hata swali dogo hulipeleka kwenye maombi.

"Tutafunga Ijumaa kwa ajili yako," alisema.

"Mimi nimeshaanza kufunga," alisema Raheli. "Watoto pia."

Siku iliyofuata, jua likiwa limeegama, Yudith, mkewe Mzee Yoramu, alikuja mwenyewe. Huyu ni mwenyekiti wa akina mama, na hutembea kama aliyebeba maji kichwani hata asipobeba kitu. Nyuma yake mtumishi wa kiume alisukuma baiskeli yenye gunia la mtama.

"Shikamoo, mama mzee," Raheli alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Nyanyuka. Tumeguswa na neno lako la jana. Nilikuwa naimba huku moyo unauma."

"Asante, mama."

Yudith alikalia kigoda, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Yotham, pembeni, alifumba macho akajifanya amesinzia, jambo alilokuwa akilifanya kila aliposikia harufu ya njama.

"Shida yako ndiyo yetu. Sisi nasi shamba la kule bondeni limezama magugu. Vibarua wa siku hizi wanataka fedha mkononi, asubuhi, kabla ya kutema mate. Wanakijiji wanajua njia moja tu. Sasa mimi nimekuletea mtama. Upike pombe, kama ulivyokuwa unapika. Jumatano ya wiki ijayo watu waje kwetu, Alhamisi waje kwako. Umepona, tumepona."

Raheli alitazama gunia. Lilikuwa limeshiba.

"Ipikwe hapa?"

"Kwangu haiwezekani. Mimi ni mwenyekiti."

"Na mimi je?"

"Wewe jina lako lilishakaa kwenye mitungi, mwanangu. Watu wakisikia Raheli amerudi nyuma, nani atashangaa? Utakaa benchi la nyuma kidogo, utatubu mbele ya watu, utarudishwa. Mzee atazungumza na baraza lisikubane sana."

"Kwa hiyo mimi nianguke ili shamba lenu lisimame."

"Usilisokote neno. Na lako pia litasimama."

"Mzee anajua?"

"Mzee hajui kabisa," alisema Yudith. "Ndiye aliyepima mtama."

Yotham alikohoa usingizini.

Raheli alisimama pale. Usidhani alifikiria simba na mitume. Alifikiria Tabu, ambaye siku hizo alikuwa akilamba sufuria na kurudia kulilamba kama vile la kwanza halikuwa lile. Alifikiria mguu mweupe. Benchi la nyuma si mbali. Ni benchi tu, na mtu aliyekaa nyuma anasikia mahubiri yale yale.

"Shusheni," alisema.

Usiku haukuwa na usingizi na asubuhi aliloweka mtama. Ukachipua, akauanika juu ya mkeka, ukakauka, akausaga kimea. Mpaka hapo hakuwa ametenda neno lolote la kukaa benchi la nyuma, maana kimea ni kimea. Chaweza kwenda kwenye pombe, chaweza kwenda kwenye togwa ya watoto. Lakini siku zilikuwa zinakwisha, na pombe ilitaka chombo. Mitungi alikuwa ameiua kwa mkono wake. Akaenda dukani kwa Abdulrazaki kuazima pipa.

Huyu ni mjukuu wa vitukuu vya waliofika na misafara ya pembe wakachoka kutembea. Watu wake wamekaa Dodoma muda mrefu kuliko barabara. Miaka ya shida duka lake lilikuwa na viberiti na subira. Sasa limejaa sabuni za kila rangi, na wateja wanaingia kunusa na kutoka.

"Pipa la nini, Mama Tabu?"

"La kupikia."

"Nilisikia umeacha."

"Dunia imenirudisha."

Abdulrazaki alilitoa pipa la bluu, akalifuta ndani kwa kitambaa.

"Palizi ni lini? Nije."

Raheli alimtazama. "Wewe uje?"

"Kwani nimewahi kukosa? Tangu niweke duka hapa nakuja. Mimi Mwislamu, ulidhani nafuata nini kwenye mtungi wako?"

"Nilikuwa nakutengea togwa. Kwenye kibuyu cha Tabu."

"Basi, nakuja kwa hiyo togwa. Na kwa uongo wa Mzee Ndahani. Akianza habari za mke wake wa pili, jembe linajilima lenyewe." Akaweka pipa juu ya kaunta. "Na nilipofiwa na mama wa watoto, mlikuja wote mkakaa kwangu. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Mimi nami siulizi. Ila unaonekana kama mtu anayepeleka ng'ombe wake mnadani."

Hapo ndipo Raheli alipomwaga yote: gunia, Jumatano, Alhamisi, benchi la nyuma, mzee asiyejua aliyepima mtama. Abdulrazaki alisikiliza akiwa amekunja uso, halafu uso ukamponyoka. Alicheka mpaka akaegemea mizani, na mizani ikamwonyesha kuwa ana kilo chache.

"Yaa Rabi. Yaani huo mtama hauna mwenyewe."

"Unaye. Ni wa Mzee Yoramu."

"Atasimama wapi aseme ni wake? Kwa mjumbe? Kanisani? Aseme, nilimpa mama huyu mtama anipikie pombe, naye hakupika?" Alipangusa macho. "Nakwambia hakuna atakayesema ni wake."

Raheli aliliweka pipa kichwani. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka polepole kwa ajili ya pipa.

"Hakuna atakayeita kitu chake kuwa chake," alisema.

"Ndiyo nilivyosema."

"Si wewe uliyesema," alisema Raheli, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, meno yake yote yalionekana.

Neno lilitoka nyumba kwa nyumba kabla ya jua kuzama. Jumatano, kwa Yotham, palizi. Kuna ugali, kuna mlenda, kuna togwa pipa zima. Na lile la mwisho ndilo lililowanyanyua watu vitandani: mtama umetolewa na Mzee Yoramu, sadaka, gunia zima, kwa ajili ya mgonjwa, kama wale wa kwanza. Mzee mwenyewe hakuna aliyemwambia; nani humwambia mtu habari za sadaka yake?

Sasa sikia kitu cha kuaibisha. Kwa jina la Bwana hamkuja. Kwa jina la gunia la Mzee Yoramu mlikuja wote. Nani angekosa kuonekana kwenye sadaka ya mwenye grosari? Akina mama wa kanisa walikuja na vitambaa vyeupe kichwani. Kijana wa karata alikuja. Wewe ulikuja, na jembe la kuazima. Mwinjilisti Daudi alikuja amevaa viatu, akidhani anaombwa kufungua kwa sala. Alifungua, akasema amina, akakabidhiwa mpini.

Mzee Ndahani na wanywaji wake walikuja pia.

"Baba, ulisema wewe ni mzima," Raheli alimkumbusha.

"Ni mzima. Nimekuja kuona togwa ya mzee wa kanisa. Mimi nakaribia kufa, mwanangu. Nikifika kule wataniuliza habari, sitaki niende mikono mitupu."

Mstari ukapangwa. Yotham kwenye kigoda chake akawa anaita nyimbo za kulimia, zile za zamani, na akina mama wa kanisa walizikuta ziko midomoni mwao wenyewe, wakaziimba huku wakitazama upande mwingine. Abdulrazaki alilima karibu na Mzee Ndahani ili asikose habari za mke wa pili. Magugu yakalala. Uwele ukaanza kuonekana, mwembamba na wa njano, kama mtu anayetoka kulazwa.

Jua lilipopanda, Mzee Yoramu alitokea akiwa na mkewe. Walikuwa wanatoka bondeni, kwenye shamba lao, ambako walikuwa wamewakuta kunguru. Mzee alisimama ukingoni, suruali ya pasi, kofia mkononi. Alinusa hewa. Hakuna kilichochacha.

"Mama Tabu. Hiki ni nini?"

Majembe yakanyamaza moja baada ya jingine. Raheli alikuja na kata ya togwa, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Ni mtama wako."

Mzee aliitazama ile kata kama mtu anayetazama jeraha lake mwenyewe.

"Wapendwa," alisema Raheli, bado amepiga goti, "mzee mwenyewe ndiye huyu. Aliupima kwa mkono wake. Mzee, waambie ulivyokusudia."

Mzee Yoramu alimtazama Yudith. Yudith alikuwa amepata wingu moja dogo upande wa Hombolo na alikuwa analichunguza kwa makini yote.

"Nilitoa," alisema mzee. Akalamba midomo. "Kwa ajili ya... Nilitoa."

"Lote?" aliuliza Mzee Ndahani kutoka mstarini. "Nauliza tu, mimi si mtu wa kanisa. Nimesikia zamani kuna bwana na mkewe walitoa nusu wakaficha nusu, wakaanguka wakafa hapo hapo. Sasa hapa tulipo hakuna hata kivuli."

"Lote," alisema Mzee Yoramu.

"Haleluya," alisema Yotham, ambaye hakuwa ameokoka.

Vigelegele vikapigwa. Mwinjilisti Daudi, malengelenge yakiwa yameshaanza viganjani, alisema "Amina" kwa namna iliyomfanya mwenye nyumba wake ageuke kumtazama. Mzee alikunywa togwa, maana watu wote walikuwa wanamtazama anavyokunywa. Kisha mtu mmoja, kwa heshima zote, akampa jembe. Alilima tuta zima katika ile suruali ya pasi, na ni lazima tuseme ukweli: alilima vizuri. Alikuwa mtoto wa mkulima kabla hajawa mzee wa kanisa.

Lakini togwa si pombe, na hapa pia ukweli usemwe. Togwa inakata kiu, haikopeshi nguvu. Jua lilipoanza kushuka wanywaji walianza kukohoa na kukumbuka mambo ya nyumbani. Akina mama walikuwa na watoto. Mvua ikanyemelea, ikaanguka, mkakimbia. Ulikimbia na wewe, majani kichwani. Upande mzima wa korongo ukabaki haujaguswa, na huo ndio upande wenye udongo mzuri.

Mzee Yoramu alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimrudishia Raheli jembe na kusema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anayetaja bei:

"Baraza linakaa Jumapili."

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Tutaliona."

Walishaliona. Halitatajwa gunia, wala mtama, wala bondeni. Litaitwa utovu wa nidhamu kwa viongozi. Raheli atatengwa: meza ya Bwana hatakaribia, Tabu hatabatizwa Pasaka, na akifa atazikwa na watu wanaopita. Na hii si benchi la nyuma. Benchi la nyuma lina mwisho wake; hii mwisho wake anao Mzee Yoramu mfukoni.

"Wakutenge," alisema Yotham jioni ile. "Wale wako wa simba walitengwa na wakubwa kuliko mwenye grosari."

Raheli alikuwa amechutama anasugua pipa la watu lirudi safi.

"Wewe unatania," alisema. "Mimi nilikuwa napapenda pale."

Akaendelea kusugua. Alilia kidogo, kwa ndani ya pipa, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Yotham alinyoosha mkono akalishika pipa upande wa pili lisizunguke.

Sasa umebaki wewe. Unajua mtama ule ulipimwa wa nini, na nani aliupima. Hutaweza tena kusema hukuambiwa. Jumapili mzee atauliza wanaokubali wanyooshe mikono, na itakuwa rahisi, mikono hupanda yenyewe ikiona mingine imepanda. Wako uuache gotini. Halafu simama useme, na wakianza kukuimbia, sema kwa nguvu zaidi.

Lakini Jumapili ni mbali, na magugu hayana kalenda. Mvua imekatika. Udongo umelainika, jembe linazama bila kusukumwa. Weka hicho kikombe chini. Mwite na huyo jirani yako, yeye pia alikunywa. Hakuna gunia safari hii, hakuna togwa, hakuna jina la mtu mkubwa la kujificha nyuma yake. Kuna upande wa korongo, na uwele ambao ukikaa humo mpaka keshokutwa umekwisha. Njia unaijua. Raheli ameshatangulia.